Kubadilisha mtindo wa renda kwa AI bila kumpoteza mhusika wako

Umemjenga mhusika kwenye DAZ Studio au Blender, umempa pozi, umempangia taa, umerenda, yaani umeligeuza tukio la 3D kuwa picha. Kila kitu kiko mahali pake, lakini picha imepoa: ngozi ina mng'ao wa plastiki, nywele zimeshikana, na mtazamaji anajua papo hapo kwamba hii ni kazi ya kompyuta. Akili mnemba inaweza kuigeuza renda hiyo ikawa mchoro wa rangi za mafuta, wino au katuni ndani ya dakika chache. Ukiiachia tu ifanye inavyotaka, inakurudishia mtu mwingine: pua imechongoka, kovu limefutika, vidole vimekuwa sita.

Dawa yake ni kutoibadilisha picha nzima kwa kiwango kimoja. Anayeanza na picha ya simu hana namna, lakini wewe unalo tukio zima. Unajua kila pikseli iko umbali gani kutoka kwa kamera, na unaweza kutoa mipaka kamili ya kila nguo na kila kiungo cha mwili. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuutumia utajiri huo, ili uamue wewe AI iguse wapi na kwa nguvu gani.

Mfano tutakaokwenda nao ni mhunzi: mwanamke wa makamo, mwenye ngozi nyeusi, amesimama kando ya tanuru huku ameshika koleo. Amevaa aproni ya ngozi, ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, na hereni moja tu ya shaba kwenye sikio la kulia. Mtindo tunaoutaka ni mchoro wa rangi za mafuta.

Programu na mashine

Unahitaji programu inayoendesha modeli ya picha kwenye mashine yako, inayokubali kuanzia kwenye picha, kutumia maski (picha nyeupe na nyeusi inayoonyesha AI iguse wapi) na kutumia ControlNet (nyongeza inayoifanya modeli ifuate umbo la picha yako). ComfyUI, Forge na AUTOMATIC1111 zote zinafaa. Anayependa kufanyia kila kitu kwenye programu ya kuchorea aweke plagini ya AI Diffusion ndani ya Krita. Kwa ndani nayo inaendesha ComfyUI. Kadi ya michoro ya NVIDIA yenye VRAM (kumbukumbu ya kadi) ya GB 8 inatosha kwa modeli za Stable Diffusion za familia ya SDXL, na za SD 1.5, toleo la zamani zaidi, huridhika na GB 4 hadi 6. FLUX.1, familia nyingine ya modeli, hutaka GB 12 au zaidi, la sivyo utumie toleo lililopunguzwa uzito. Namba zote hapa chini ni za SDXL. Kwenye modeli nyingine zitasogea kidogo, lakini sababu zake ni zile zile.

Renda ndiyo inayobeba kazi

Modeli hizi huichafua picha yako kwa chembechembe za nasibu, kisha huisafisha hatua kwa hatua ikielekea kwenye ulichoandika. Kitelezi kinachoamua ichafuliwe kiasi gani kimeandikwa Denoising strength, au Denoise tu; hapa tutakiita dinoizi. Ikiwa 0 hakuna kinachobadilika, ikiwa 1 picha yako inafutika yote. La kushika ni mpangilio wa kufutika. Vitu vidogo hufutika kwanza: vinyweleo, nyuzi za kitambaa, kingo kali. Maumbo makubwa ya mwanga na giza hufutika mwisho kabisa. Kwenye 0.4 vitundu vya ngozi ya aproni vimeshapotea na vitachorwa upya, lakini upande wa uso uliokuwa na mwanga wa tanuru utabaki na mwanga, na upande wa kivuli utabaki kivulini.

Kutokana na hilo, taa mbovu haiponywi na AI. Renda yenye taa bapa, inayotoka pande zote kwa usawa, itatoa mchoro bapa hata ukiandika "mwanga wa kuvutia" mara kumi kwenye prompti, yaani maelezo unayoiandikia modeli. Kwa mhunzi wetu weka taa kuu ya rangi ya chungwa chini kushoto mahali pa tanuru, taa dhaifu ya samawati upande wa pili ili kivuli kisiwe cheusi tupu, na taa ya ukingo nyuma ili nywele zijitenge na ukuta. Hakikisha hakuna eneo kubwa lililokuwa jeusi kabisa au jeupe kabisa. Eneo lisilo na taarifa yoyote ndilo AI hulijaza kwa mambo ya kubuni, na mara nyingi hubuni kitu kisichohusiana na tukio.

Mtindo unaotaka nao uanzie kwenye renda. Hapa ndipo wengi wanapopoteza muda. Mtu anataka katuni ya rangi bapa, anaanza na renda yenye ngozi halisi na vivuli laini, anaweka dinoizi 0.4, anapata renda ile ile yenye mistari michache juu yake. Anapandisha hadi 0.7, vivuli laini vinaondoka na sura inaondoka navyo. Sababu ni ule mpangilio wa kufutika: mpito laini wa mwanga ni umbo kubwa, kwa hiyo hauondoki mpaka karibu kila kitu kingine kiwe kimeshaondoka. Rahisi zaidi ni kuurenda mwanga ukiwa bapa tangu mwanzo. Kwenye Blender tumia injini ya kurenda ya EEVEE, unganisha nodi ya Shader to RGB na ColorRamp iliyowekwa Constant yenye ngazi mbili au tatu za rangi. Nodi hiyo haifanyi kazi kwenye Cycles, injini nyingine ya Blender. Ukiwa na renda ya namna hiyo, dinoizi ya 0.35 inakupa katuni safi na sura haijaguswa.

Mambo mengine ya renda tuyapitie haraka. Zima ukungu wa kamera, yaani ule wa kufanya nyuma ififie, kwa sababu AI hulichukua eneo lililofifia kama mwaliko wa kuchora upya. Utauongeza mwishoni kwa kutumia ramani ya kina, yaani picha ya kijivu inayoonyesha kila kitu kiko umbali gani kutoka kwa kamera. Zima pia ule mng'ao unaosambaa kuzunguka taa. Ondoa vimulimuli, zile nukta nyeupe kali zinazobaki renda isipokamilika: kwenye uso AI huzigeuza kuwa vipele au jasho, kwenye giza huzigeuza kuwa cheche. Kiondoa chembechembe cha Iray (injini ya kurenda ya DAZ) au cha Cycles kinafaa hapa hata kama kinalainisha ngozi, kwa kuwa umbile la ngozi litachorwa upya.

Kuhusu ukubwa: SDXL ilifundishwa kwa picha zenye pikseli kama milioni moja, kwa hiyo fanya kazi kwenye 1024×1024, 832×1216 au 896×1152. Renda mara mbili ya hapo, ili uwe na akiba ya undani utakapofika kwenye uso na mikono, kisha punguza nakala moja kwa ajili ya duru ya kwanza. Uwiano wa pande uwe ule ule. AUTOMATIC1111 kwa chaguo-msingi hunyoosha picha ijae ukubwa ulioandika, na uso wa mhunzi utapanuka bila wewe kugundua chanzo.

Pasi za ziada

Pamoja na renda yenyewe toa pasi, yaani picha za ziada zenye taarifa za tukio: ramani ya kina, mistari na maski. Zote zitoke kwenye kamera ile ile na pozi ile ile. Ukisogeza chochote baada ya hapo, zirende zote upya.

Kwa kina, kwenye Blender washa pasi ya Mist, kisha kwenye mipangilio ya World weka Start mbele kidogo ya kitu kilicho karibu zaidi na kamera na Depth ifike nyuma kidogo ya mhusika. Ukiacha masafa makubwa, mwili wote unapata kijivu kimoja na ramani haina faida. Pasi hiyo huweka giza karibu na weupe mbali, wakati ControlNet ya kina inataka kinyume, kwa hiyo igeuze. Uihifadhi kwa mpangilio wa rangi wa Standard au Raw. AgX na Filmic hubadilisha thamani za kijivu.

DAZ Studio hutoa kina kupitia Canvases, kwenye sehemu ya Advanced ya Render Settings, katika faili la EXR. Ukilifungua utaona weupe mtupu, na hapo watu wengi hudhani renda imeharibika. Haijaharibika: thamani ni umbali halisi, si kati ya 0 na 1. Lipeleke kwenye kompozita ya Blender (sehemu ya kuchakata na kuunganisha picha), weka nodi ya Map Range, andika umbali wa karibu kwenye From Min na wa mbali kwenye From Max, To Min iwe 1 na To Max iwe 0, washa Clamp. Kugeuza kunakuwa kumefanyika humo humo.

Kwa mistari, Freestyle ya Blender inatoa michoro mizuri kuliko kichujio chochote kinachokisia kutoka kwenye picha, kwa kuwa inasoma umbo lenyewe. Hutoa mistari myeusi. ControlNet inataka mistari myeupe juu ya weusi. Geuza tena. Asiyekuwa na Freestyle aiachie programu itoe mistari kutoka kwenye renda. Ramani ya nomali, inayoonyesha kila sehemu ya umbo imeelekea wapi, ni afadhali itolewe na kichakataji cha programu yako ya AI, kwa sababu pasi ya nomali ya Blender hufuata mielekeo ya dunia ya tukio, na rangi zake hazilingani na zile modeli ilizofundishwa.

Maski ndizo zenye thamani kuliko zote. Kwenye Blender washa Cryptomatte (pasi inayotenga kila kitu au kila malighafi) ya Object na ya Material, kisha kwenye kompozita bofya sehemu unayotaka na uihifadhi kama picha nyeupe na nyeusi. Kwenye DAZ tumia Canvases za Material ID au Object ID. Kwa mhunzi toa maski ya ngozi ya uso, macho, nywele, mikono pamoja na koleo, aproni, hereni, na mandhari ya nyuma. Zinaonekana nyingi, lakini ni kazi ya dakika kumi inayokuepusha na saa nzima ya kuchora maski kwa kipanya.

Duru ya kwanza

Pakia renda iliyopunguzwa kwenye img2img, sehemu ya kuchora kuanzia kwenye picha. Prompti ieleze kila kinachoonekana, si mtindo peke yake. Ukiandika "mchoro wa rangi za mafuta" tu, modeli italazimika kukisia kilicho mkononi mwa mhunzi, na koleo litageuka kuwa nyundo au upanga. Andika kwa Kiingereza, kwa kuwa modeli hizi zimefundishwa kwa maelezo ya Kiingereza zaidi: nani, umri gani, rangi gani ya ngozi, amevaa nini, ameshika nini, mwanga unatoka wapi na una rangi gani, ndipo mtindo. Kwenye prompti hasi, yaani orodha ya usiyoyataka, taja renda ya 3D, plastiki na picha ya kamera. FLUX.1 dev kwa matumizi yake ya kawaida haina prompti hasi, hivyo huko utegemee maelezo chanya.

Hatua 30, CFG (nguvu ya kufuata prompti) kati ya 5 na 7, mbegu (namba inayoamua chembechembe za nasibu) uifunge kwenye namba moja ili unapobadilisha kitu kimoja uone athari yake peke yake. AUTOMATIC1111 huzidisha hatua kwa dinoizi, kwa hiyo hatua 30 kwenye 0.4 ni hatua kama 12 tu zinazotendeka. Picha ikitoka na ukungu, ongeza hatua ziwe 50. ComfyUI haifanyi hivyo, hutembea hatua zote ulizoandika. Ndiyo maana mipangilio ya mtu wa programu moja ikihamishiwa kwenye nyingine haitoi kitu kile kile.

Viwango vya kuanzia vya dinoizi vinategemea umbali kati ya renda na mtindo:

0.20 hadi 0.30 kwa kuondoa uplastiki tu, picha ibaki yenye uhalisia.
0.40 hadi 0.50 kwa rangi za mafuta na mitindo mingine yenye mpito laini wa mwanga.
0.55 hadi 0.70 kwa rangi za maji, wino na penseli, tena ukiwa na ControlNet mbili.

Kwa mhunzi anza na 0.45. Toa picha nne kwa mbegu tofauti na usitafute iliyo kamili. Tafuta yenye mandhari na aproni nzuri, kwa sababu uso na mikono utavitengeneza peke yake.

ControlNet kwa kiasi

Modeli ya ControlNet lazima iwe ya familia moja na modeli unayochorea. Ya SD 1.5 ndani ya SDXL huleta kosa au hutoa picha iliyovurugika.

Weka ya kina kwa uzito 0.6, ianze 0 na iishie 0.7 ya safari ya hatua zote. Kazi yake ni kushika mkao wa mwili na nafasi ya vitu. Ongeza ya mistari kwa uzito 0.4, iishie 0.5. Mistari ikipewa uzito wa 1 hadi mwisho, mchoro hubaki na kingo za 3D, zile zilizonyooka na kufanana kila mahali, na mipigo ya brashi haipati pa kuvuka. Mchoraji wa rangi za mafuta hupoteza ukingo hapa na kuukaza pale. Kuiachia ControlNet mapema kunairuhusu modeli ifanye hivyo katika hatua za mwisho, umbo likiwa limeshashikwa.

Usiweke ControlNet ya mifupa ya pozi. Inafaa pale mtu asipokuwa na renda. Wewe una ramani ya kina yenye taarifa zaidi, na ile ya mifupa ikikosea kiwiko itashindana nayo.

Kama mtindo unaoutaka hauelezeki vizuri kwa maneno, tumia IP-Adapter, nyongeza inayoiongoza modeli kwa picha badala ya maneno, na uipe mchoro mmoja kama rejea, kwa uzito wa 0.6 hivi, ukichagua hali ya kuhamisha mtindo peke yake. Bila chaguo hilo itahamisha pia sura na mpangilio wa ile rejea, na mhunzi wako ataanza kufanana na mtu wa kwenye mchoro. Rejea iwe kazi yako au ya mchoraji wa zamani ambaye hakimiliki yake imekwisha.

Uso, sehemu kwa sehemu

Sura huharibika kwa sababu ya kimahesabu. SDXL haichori pikseli moja moja. Huibana picha mara nane kila upande kabla ya kuanza. Uso wenye upana wa pikseli 80 unabaki na visanduku 10 kwa 10, na ndani ya visanduku hivyo jicho zima ni kisanduku kimoja au viwili. Hakuna prompti inayoweza kuingiza macho mazuri humo. Uso unatakiwa upewe nafasi yake.

Chukua matokeo ya duru ya kwanza, uyakuze hadi ukubwa wa renda yako kubwa, kisha kwenye leya ya juu urudishe uso wa renda ya asili kwa kutumia maski. Sasa una picha yenye mandhari ya rangi za mafuta na uso wa 3D. Peleka hiyo kwenye inpaint, yaani kuchora upya ndani ya maski tu: maski ya uso, eneo la Only masked, Masked content iwe Original, ukubwa 1024×1024, nafasi ya pembeni ya maski pikseli 64 hadi 96. Chaguo-msingi la 32 halitoshi: modeli haioni shingo wala nywele, hivyo inakosea pembe ya kichwa na rangi ya mwanga. Dinoizi iwe 0.35, na prompti ieleze uso tu. Aproni na koleo vikibaki kwenye prompti ya uso, utaona vipande vya ngozi na chuma vikijitokeza shavuni.

Baada ya hapo angalia vitu vitatu kwa karibu.

Kwanza macho. Mwelekeo wa kutazama huhama kirahisi, na mhunzi aliyekuwa akitazama chuma anaanza kumtazama mtazamaji. Maski ya macho peke yake, dinoizi 0.25, uanzie kwenye renda ya asili.

Pili kovu. Modeli hupendelea sura laini, na kovu jembamba linafutwa hata kwenye 0.3. Kabla ya inpaint lichore upya kwa brashi, pana na lenye utofauti mkubwa kuliko unavyotaka, bila kujali uzuri. AI italilainisha likae sawa.

Tatu hereni. Modeli zimeona hereni zikivaliwa mbili mbili, kwa hiyo sikio la kushoto litapata ya pili, au ile moja itahamia upande mwingine. Usishindane nalo kwa prompti. Rudisha sikio la kushoto kutoka kwenye renda kwa maski, lipitishe kwenye inpaint kwa 0.3, na kwenye prompti ya kipande hicho usitaje hereni kabisa.

Mikono

Kwenye renda mkono una vidole vitano na umeshika koleo sawasawa. Hiyo ni faida kubwa, usiitupe. Mkono na koleo viwe maski moja, kwa sababu ukivitenganisha vidole huingia ndani ya chuma. Dinoizi isizidi 0.35, ControlNet ya mistari ipande hadi 0.8 na ifike mwisho. Kidole kikiharibika bado, rudisha kidole hicho tu kutoka kwenye renda na ukipake mipigo michache ya brashi kwa mkono kwenye Krita au GIMP. Kidole kimoja cha 3D kilichopakwa rangi juu hakitambuliki ndani ya mchoro. Kidole cha sita kinatambulika na kila mtu.

Rangi ya ngozi

Modeli nyingi huvuta ngozi nyeusi kuelekea weupe, hasa dinoizi inapopita 0.4 na mtindo ukiwa wa michoro ya kale. Mhunzi wetu atatoka wa kahawia hafifu, na taa ya chungwa itaficha mabadiliko hayo mpaka utakapoweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Ziweke, kila mara.

Kurekebisha kuna sehemu mbili, na wengi hufanya moja. Weka renda ya asili kama leya ya juu, hali ya kuchanganya iwe Color, maski ya ngozi. Hii hurudisha rangi na kukolea kwake, lakini weusi na weupe unabaki ule wa leya ya chini. Ngozi ikiwa imeangazwa kupita kiasi itabaki hivyo hivyo, ila yenye rangi nyekundu zaidi. Kwa hiyo kwanza shusha leya ya AI kwa Curves ndani ya maski hiyo hiyo, ukivuta sehemu ya katikati chini huku sehemu ya juu ukiiacha, ili miale ya taa kwenye paji la uso na kwenye mashavu isizimike. Ngozi nyeusi hupata uhai kutokana na tofauti kali kati ya miale na sehemu ya katikati. Ukishusha vyote kwa pamoja inageuka kijivu. Ndipo uweke leya ya Color, kwa asilimia 50 hadi 70.

Kuunganisha

Fungua faili moja kwenye Krita au GIMP lenye leya hizi kutoka chini: renda ya asili, duru ya kwanza iliyokuzwa, uso, macho, mikono, marekebisho ya rangi. Kila leya iwe na maski yake, na ukingo wa maski ulainishwe kwa pikseli 6 hadi 12. Maski za Cryptomatte ni kali mno kwa mchoro wa rangi. Zikitumika zilivyo, mhunzi ataonekana amekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Epuka kuipitisha picha nzima kwenye AI mara kwa mara. Kila inapobanwa na kufunguliwa hupoteza undani kidogo na rangi husogea, hata nje ya maski. Toa kipande, kibandike mahali pake, sehemu nyingine zibaki hazijaguswa.

Vipande vikishakaa, huenda mipigo ya brashi ya uso ikawa midogo kuliko ya ukuta, kwa sababu uso ulichorwa ukiwa umekuzwa. Hapo ndipo duru ya mwisho ya pamoja inaruhusiwa: picha nzima, dinoizi 0.15 hadi 0.2, mtindo tu kwenye prompti. Ikipita 0.2 macho yanaanza kubadilika tena. Kwa kukuza zaidi tumia kikuzaji cha kawaida cha aina ya ESRGAN, au kukuza kwa vigae, yaani kipande kwa kipande, ukiwa na ControlNet ya Tile. Kwenye vigae prompti iwe fupi na isimtaje mtu, la sivyo sura ndogo zitaota ukutani, kila kigae kikijaribu kuchora mhunzi wake.

Mhusika yule yule kwenye picha nyingi

Kufunga mbegu hakumfungi mhusika. Mbegu hushika mpangilio wa chembechembe tu. Pozi ikibadilika, sura inabadilika. Kwa hadithi ya picha nyingi fundisha LoRA, nyongeza ndogo ya modeli inayojifunza mhusika wako. Usiifundishe kwa renda mbichi, maana itajifunza plastiki pamoja na sura. Badilisha kwanza renda 20 hadi 30 kwa njia iliyoelezwa hapo juu, zenye pembe, nyuso na taa tofauti, kisha ufundishe kwa hizo.

Maelezo ya kila picha yataje unavyotaka viweze kubadilika, kama nguo, mandhari na pozi. Usitaje vinavyotakiwa vishikamane na jina lake, yaani umbo la uso, kovu na hereni. Cheo (rank) cha 16 kinatosha, kasi ya kujifunza 0.0001, hatua 1500 hadi 2500, ukihifadhi nakala kila hatua 250 ili uchague iliyojifunza bila kukariri. Na zima kugeuza picha kushoto kulia, chaguo linaloitwa flip_aug kwenye kohya_ss, programu ya kufundishia LoRA. Likiwashwa, kovu na hereni vitajifunzwa pande zote mbili, na hakuna prompti itakayoliondoa hilo baadaye.

Modeli zinazohariri kwa maagizo

FLUX.1 Kontext na Qwen-Image-Edit, za mwaka 2025, hupokea picha pamoja na sentensi moja kama "igeuze iwe mchoro wa rangi za mafuta", na kwa jaribio la haraka zinafaa sana. Udhaifu wake kwa kazi hii ni kwamba mara nyingi picha inayotoka imesogea au imevutwa karibu kidogo. Jicho halioni, lakini maski zako zote za Cryptomatte hazikai tena. Zitumie kutafuta mtindo, kisha uchukue matokeo yake kama rejea ya IP-Adapter, na mchoro wenyewe uujenge juu ya renda.

Leseni na faili

Soma leseni ya kila kitu kilichoingia humo. Maumbo na nguo unazonunua dukani kwa kawaida huruhusu renda za picha bapa, lakini kufundishia AI ni jambo tofauti, na baadhi ya wauzaji hulikataza. FLUX.1 schnell iko chini ya Apache 2.0; FLUX.1 dev ina leseni isiyo ya kibiashara. Usimpe mhusika sura ya mtu aliye hai bila ridhaa yake, na unapoonyesha kazi sema kwamba AI imetumika na imetumika wapi.

Hifadhi faili la tukio la 3D, renda ya asili, pasi zote kama PNG au EXR, na faili la leya. ComfyUI na AUTOMATIC1111 huandika mipangilio yote ndani ya PNG wanayotoa, lakini ukiifungua kwenye programu ya kuchorea na kuihifadhi upya, mipangilio hiyo huweza kupotea. Nakala ya PNG kama ilivyotoka iwekwe kando kabla hujaigusa.